Aironi za Kufua: Chuma Kinachobaki Kibichi

Kiswahili kina maneno mawili ya uhunzi ambayo mchezaji gofu angefaa ayajue kabla hajatoa pesa mfukoni: kufua na kusubu. Anayefua hukipiga chuma kikiwa kimelegezwa na moto, lakini hakijayeyuka, mpaka kikae umbo analolitaka. Anayesubu hukiyeyusha kikawa uji, akakimimina kwenye kalibu, akangoja kigande. Ndani ya injini ya matatu vyote viwili vipo: bloku ni kazi ya kusubu, na konrodi, ule mkono wa pistoni, kwa kawaida ni kazi ya kufua.

Aironi, zile fimbo za chuma zenye namba kuanzia 3 au 4 hadi weji, ile fupi ya mapigo ya karibu, zimegawanyika vivyo hivyo. Kwenye klabu za Nairobi, iwe Muthaiga au Karen, Royal au Railway, utasikia kwamba za kufua ndizo tamu mkononi na kwamba za kusubu hazifui dafu mbele yake. Nusu ya maneno hayo ni kweli, ila si kwa sababu inayotajwa. Thamani ya aironi ya kufua iko kwenye ulaini wa chuma chake, na ulaini huo haufanyi kazi pale uso unapokutana na mpira. Hufanya kazi fimbo ikiwa imebanwa kwenye jiliwa.

Chuma chenyewe hufika kiwandani kikiwa nondo ya duara, nene kiasi cha milimita 25 hadi 30 hivi. Jina lake ni namba. Kwa mpangilio wa Marekani ni 1020 au 1025, kwa mpangilio wa Japani ni S20C au S25C. Tarakimu hizo mbili za mwisho ni kaboni: 20 ni takriban asilimia 0.20, 25 ni asilimia 0.25. Hiyo ni kaboni kidogo sana. Chuma cha springi za gari, ambacho mafundi wa jua kali hukitafuta kwa ajili ya panga, kina zaidi ya mara mbili ya hiyo, na ndiyo sababu kinashika makali. Aironi haitaki makali. Inataka chuma kinachojaa vizuri kwenye kalibu, kinachokubali tupa na msasa, na kinachoweza kupindwa miaka kumi baadaye bila kupasuka. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: kinashika kutu, kwa hiyo lazima kivishwe nguo ya kromu.

Upande wa kusubu, chuma kilichozoeleka ni 17-4, kisichoshika kutu, chenye kromu karibu asilimia 17 na nikeli karibu asilimia 4. Fundi hutengeneza kwanza umbo la nta, hulipaka tabaka juu ya tabaka za udongo wa kauri, kisha huiyeyusha nta itoke na kumimina chuma mahali pake. Njia hiyo inaruhusu maumbo ambayo nyundo haiwezi kuyafikia: mgongo uliochimbwa ndani kabisa, uzito uliosogezwa pembezoni, kona zilizojificha. Ping Eye 2 ya 1982, mojawapo ya aironi zilizouzwa sana katika historia ya mchezo huu, ni ya kusubu. Anayedharau kusubu hajaitazama fimbo hiyo vizuri.

Turudi kwenye kufua. Nondo hukatwa vipande, na kila kipande ni kizito kuliko kichwa kitakachotoka, maana sehemu yake itaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kipande huingia tanurini mpaka kifike karibu nyuzi 1,200 za selsiasi. Hapo huwa na manjano ya embe lililoiva, na mara tu hewa inapokigusa ngozi yake huanza kutoa magamba meusi. Upande mmoja hunyooshwa uwe mwembamba, kwa kuwa hapo ndipo shingo itakapotokea, yaani ule mrija unaoingizwa mpini. Kisha hupindwa kama kiwiko. Fundi hukishika kwa koleo na kukilaza kwenye kalibu ya chini, kiwiko kikiwa ndani ya mfereji wa shingo, naye huwa na sekunde chache tu kabla rangi haijageuka kuwa ya chungwa.

Kalibu ya juu inashuka. Chuma hutambaa kuelekea ncha, yaani upande wa kichwa ulio mbali na shingo, hupanda shingoni, na kilichozidi huchungulia kati ya kalibu mbili kama siagi pembeni mwa mkate uliobanwa. Mafundi hawauonei uchungu ule upindo unaotoka nje, kwa sababu una kazi. Kwa wembamba wake hupoa haraka kuliko mwili wa kichwa, ukaziba njia ya kutokea, na shinikizo lililobaki ndani hulazimisha chuma kiingie kwenye kona za mwisho. Kichwa kilichotoka bila upindo upande mmoja mara nyingi ni kichwa ambacho ncha yake haikujaa.

Baada ya pigo la kwanza upindo hukatwa, kichwa hurudishwa motoni, kisha hupigwa tena kwenye kalibu ya pili yenye vipimo vya karibu zaidi. Viwanda vingine huongeza pigo jingine chuma kikiwa kimepoa, kunyoosha uso na kukaza vipimo.

Makosa ya hatua hii hayafichiki kwa anayejua pa kutazama. Moto ukizidi, chembe za chuma hukua zikawa kubwa na ngozi ya juu hupoteza kaboni. Moto ukipungua, chuma hukataa kutambaa na nyufa ndogo hutokea mahali shingo inapoungana na kisigino, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mpini. Magamba yasipofagiwa kati ya pigo na pigo hugandamizwa ndani ya uso, na yakitolewa baadaye huacha mashimo kama ya ndui. Kalibu mbili zisipokaa sawa, nusu ya mbele na nusu ya nyuma hupishana kwa sehemu ya milimita, na mnoaji, yaani fundi wa msasa, hulazimika kuondoa chuma upande mmoja ili kuficha. Baya kuliko yote ni mkunjo: chuma kujikunja juu ya chuma bila kuungana. Kwa nje ni mstari mwembamba kama unywele, kwa ndani ni ufa unaosubiri siku yake.

Kalibu nazo huchakaa. Kila pigo huzipanua kidogo, kwa hiyo kichwa cha mwisho kutoka kwenye kalibu moja huwa kinene na kizito kuliko cha kwanza. Ndiyo maana kazi ya kunoa haiwezi kuachiwa mashine kirahisi. Kichwa kibichi hutoka kikiwa na gramu za ziada kwa makusudi, na mnoaji huziondoa kwenye mkanda wa msasa, anakipima kwenye mizani, anaondoa tena. Seti nzuri hupanda kwa takriban gramu 7 kutoka namba hadi namba: aironi 5 karibu gramu 256, 6 karibu 263, 7 karibu 270. Mipini nayo hupungua nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa kila namba, na uzito unaoongezeka kichwani ndio unaofidia ufupi huo ili fimbo zote zijisikie sawa zikizungushwa. Gramu 4 zikikosewa kwenye aironi 8 peke yake, mchezaji hatajua kosa liko wapi. Atasema tu kwamba aironi 8 haimpendi.

Mnoaji pia lazima akumbuke kwamba kromu ina uzito. Nikeli na kromu vikishavishwa huongeza gramu kadhaa, kwa hiyo kichwa huachwa chepesi kidogo kabla ya kwenda kuvishwa. Kabla ya hapo shingo hutobolewa kwa kekee, tundu la milimita 9 na ushei. Tundu likienda mshazari hata kidogo, mpini utasimama vibaya na hakuna gundi itakayourekebisha. Mifuo, ile mistari iliyochimbwa usoni, hukatwa kwa mashine au hugandamizwa kwa kalibu ndogo. Tangu 2010 sheria za R&A na USGA, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, zinadai kila mfuo usizidi upana wa milimita 0.9 na kina cha milimita 0.508, na kingo zake ziwe na mviringo usiopungua kipenyo-nusu cha milimita 0.254. Yaani ukipitisha kucha, isikwaruzwe.

Kuvisha kromu kuna hatua nyingi kuliko watu wanavyodhani: kuosha mafuta, kuchovya kwenye asidi, kuvisha nikeli, na mara nyingine shaba chini yake, kisha kromu juu. Kromu ya kung'aa ni nyembamba mno, chini ya elfu moja ya milimita. Nikeli ndiyo ngao yenyewe. Alama ya kidole cha mtu ikibaki kabla ya nikeli, hapo patachubuka kama rangi iliyopakwa juu ya ukuta wenye unyevu.

Kazi hii kwa ubora wake inajulikana zaidi nchini Japani. Kuna eneo la Himeji na mji jirani wa Ichikawa, ambako Katsuhiro Miura alijenga jina lake. Kuna Hiroshima, ambako aironi za Mizuno hufuliwa. Na kuna Tsubame, mkoa wa Niigata, mji uliotoka kwenye kufua misumari ukaingia kwenye vijiko na uma, na ndipo ilipo Endo, inayofulia vichwa makampuni mengine ya gofu. Hawakubaliani hata kwenye jambo la msingi. Mizuno hufua kichwa na shingo kutoka kipande kimoja cha nondo na hulisifia sana jambo hilo. Miura hufua kichwa peke yake, kisha huunganisha shingo kwa kuizungusha kwa kasi mpaka joto la msuguano liilegeze na kuishikamanisha, kwa hoja kwamba uzito wa kichwa na wa shingo hudhibitiwa vizuri zaidi vikitengenezwa mbalimbali. Wote wawili hutoa kazi safi. Kwangu mimi hilo latosha kuonyesha kwamba ubora hauko kwenye hadithi ya kipande kimoja. Uko kwenye usahihi wa mkono na mizani.

Kabla ya Japani kulikuwa na Uskoti. Tom Stewart wa St Andrews alikuwa akigonga muhuri wa kiko cha tumbaku kwenye aironi zake, na Bobby Jones, bingwa wa Marekani, alizitumia. Wakati huo neno kufua lilimaanisha nyundo, fuawe na mtu anayetoka jasho, na kila kichwa kilikuwa ndugu wa mwenzake bila kuwa pacha wake.

Sasa tuje kwenye ule utamu wa mkononi. Maelezo yanayopendwa ni kwamba kufua hupanga nyuzi za chuma zifuate umbo la kichwa, na chuma kisicho na matundu ya hewa hupeleka hisia safi mkononi. Sehemu ya kwanza ni kweli kiuhunzi: chuma kilichofuliwa huwa na chembe zilizonyooshwa kufuata mtiririko wake, na vitobo vya hewa, ambavyo kusubu kubaya huviacha, huwa vimebanwa. Lakini fikiria muda. Uso wa fimbo hugusana na mpira kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Mpira una gramu zisizozidi 45.93, na huwa umeshaondoka kabla mishipa ya fahamu haijapeleka habari yoyote kichwani. Unachokiita hisia ni mtetemo uliobaki baada ya mpira kuondoka, pamoja na sauti.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Chuma laini na chuma kigumu hubonyea karibu sawa vinapopigwa kwa nguvu ya kiasi, kwa kuwa unyumbufu wa vyuma hivi hautofautiani sana. 1025 haigeuki godoro kwa sababu ina kaboni kidogo. Tofauti yao huanza pale nguvu inapozidi kiasi cha kukilazimisha chuma kisirudi umbo lake la awali, na mpira wa gofu haufiki hapo.

Basi ule mdundo mzito, mfupi, unaosikika kama mlango wa gari zuri ukifungwa, unatoka wapi? Unatoka kwenye umbo. Bledi, yaani aironi nyembamba isiyochimbwa mgongoni, ina chuma kingi nyuma ya mahali mpira unapogonga, na kitu kinene hutetema kidogo tu, na sauti yake hufa haraka. Aironi yenye uso mwembamba na tumbo tupu hulia. Kwa kuwa bledi nyingi ni za kufua na nyingi zenye tumbo tupu si za kufua kwa kipande kimoja, masikio yamefundishwa kuunganisha sauti na njia ya kutengeneza. Ukimpa mtu bledi mbili za umbo na uzito uleule, moja ya kufua na moja ya kusubu kwa chuma laini, huku masikio yake yameziba, sioni kitu ambacho mikono yake ingekishika kumwambia ipi ni ipi.

Hapa ndipo jiliwa linapoingia. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Aironi ya 17-4 ni samaki aliyekauka: ugumu wake dhidi ya kupindwa ni mara tatu au zaidi ya ule wa 1025. Fundi akijaribu kuikunja hurudi ilikokuwa, au husogea nyuzi moja kwa jasho jingi, au hukatika shingoni. Aironi ya 1020 au 1025 hubaki mbichi maisha yake yote. Inakubali kukunjwa, inakaa ilipowekwa, na mwakani inakubali tena.

Kinachokunjwa ni pembe mbili. Lofti ni kiasi uso unavyolala nyuma kutazama angani. Lai ni pembe kati ya mpini na ardhi soli, yaani upande wa chini wa kichwa, ikiwa imetua. Aironi 7 za kizamani zina lofti ya nyuzi 34 au 35 na lai ya 62 hivi. Nyingi za siku hizi, zinazouzwa kwa ahadi ya umbali, zina lofti ya 30 au chini yake, na namba 7 bado imeandikwa pale pale.

Kwa mchezaji wa Nairobi pembe hizi mbili zina uzito wa pekee. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Mpira unaotua mita 140 pale Nyali, ukipigwa vilevile hapa utapita hapo kwa mita 8 hadi 12. Watu hufurahia hilo. Wanachosahau ni kwamba hewa nyepesi pia haiuinui mpira sawasawa: haufiki juu sana, hushuka kwa mshazari zaidi, na kwenye grini (ile nyasi fupi yenye shimo) kavu ya Januari na Februari hukimbia. Aironi 7 yenye lofti ya 29, hapa, ni fimbo inayokwenda mbali na isiyosimama. Anayecheza Nairobi kila wiki ana sababu nzuri ya kuongeza nyuzi moja au mbili za lofti kwenye aironi zake fupi, na hilo linawezekana tu ikiwa chuma kinakubali.

Ila lofti haisogei peke yake. Ukiongeza nyuzi 2 za lofti unaongeza nyuzi 2 za baunsi, yaani kiasi soli inavyoinuka nyuma ya ukingo wa mbele ili isichimbe. Ukipunguza lofti unapunguza baunsi kwa kiasi hicho hicho. Msimu wa masika, udongo mwekundu wa Karen au Muthaiga ukishalowa, aironi iliyopunguzwa lofti nyuzi 3 huingia ardhini kama jembe. Kiangazi, kwenye ardhi iliyokauka kama tofali, aironi yenye baunsi nyingi hudunda kabla haijaufikia mpira. Nyasi nazo zina neno. Kikuyu, nyasi ya asili ya nyanda hizi iliyosambaa hadi Australia na California, huubeba mpira vizuri kwenye feawei, ile njia ya nyasi iliyofyekwa, lakini pembeni mashina yake manene yanayotambaa huikamata shingo na kuufunga uso kuelekea kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Ukingo mwembamba wa bledi hukata pale vizuri kuliko soli pana. Hiyo ni sababu halisi ya kuipenda, kuliko zote zinazotajwa barazani.

Lai ndiyo inayosahaulika. Ncha ikiwa imeinuka wakati wa kupiga, uso hutazama kushoto hata kama mchezaji amejipanga sawa. Kwa aironi 7 ya lofti 35, kila nyuzi 1 ya kosa la lai huelekeza uso karibu nyuzi 0.7 pembeni. Kwa weji ya 56 ni karibu nyuzi 1.5, zaidi ya mara mbili. Nyuzi 3 za kosa kwenye aironi 7, umbali wa mita 140, ni kama mita 5 kabla mpira haujaanza hata kujikunja hewani. Mtu mrefu au mfupi kuliko wastani anaweza kupigana na kosa hilo miaka mingi kwa kubadilisha mapigo yake, wakati dawa iko shingoni mwa fimbo.

Kipimo cha lai hakihitaji kompyuta. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito, uuweke mstari ukiwa wima upande unaotazama uso wa fimbo, kisha piga. Wino utabaki usoni. Mstari ukisimama wima dhidi ya mifuo, lai ni sawa. Kichwa cha mstari kikiegemea ncha, fimbo imesimama mno, ilazwe. Kikiegemea kisigino, imelala mno, isimamishwe. Piga mipira mitano au sita kwa kila fimbo, futa kila mara, usiamini alama moja.

Kukunja kwenyewe ni kazi ya utulivu. Kichwa hubanwa kwenye mashine ya lofti na lai, uso ukiwa umekaa sawasawa kwenye bamba na mifuo ikiwa sambamba na msingi. Fundi hupima kwanza na kuandika. Halafu huvika shingo wenzo mrefu wenye ulimi wa shaba nyeupe ili kromu isikwaruzwe, na husukuma kwa uzito wa mwili polepole, bila kushtua. Chuma laini hutoa ukinzani, kisha unasikia mkononi kikiachia, kama ufito mbichi. Fundi hupita kipimo kidogo, kwa sababu shingo hurudi kiasi, kisha hupima tena. Nyuzi 2 kwa kila upande ni salama kwa karibu kila aironi ya kufua, na 3 au 4 zinawezekana kwa fundi mwenye uzoefu. Anayetumia nyundo hafai. Anayepasha shingo moto ili ilegee hafai zaidi: gundi ya epoksi inayoshika mpini huanza kuachia joto likipita nyuzi 120 hivi, na kromu ikizidishiwa moto hugeuka bluu na haisafishiki.

Chuma kinachomtii fundi humtii pia zulia la mazoezi. Zulia lililotandikwa juu ya saruji, mizizi ya miti, na ardhi ngumu ya kiangazi hukunja shingo laini kidogo kidogo. Aironi za mtu anayefanya mazoezi mara tatu kwa wiki zinaweza kuhama nyuzi nzima ndani ya mwaka, na hazihami zote sawa: 7 na weji huhama zaidi kwa kuwa ndizo zinazopigwa zaidi. Matokeo yake ni aironi 7 na 8 zinazotua mahali pamoja, na mchezaji kudhani mikono yake imezeeka.

Anayenunua za mitumba, na Nairobi ndivyo wengi tunavyozipata, aanze na sumaku kwa tahadhari. Sumaku haitenganishi kufua na kusubu, kwa kuwa 1025 na 17-4 zote huivuta. Inachokufichulia ni kichwa cha aloi ya zinki, kilichojaa kwenye seti za bei ya chini kabisa: hakishiki kabisa, na hakikunjiki, huvunjika. Kisha geuza soli. Pale kromu ilipolika, kutu ya kahawia ni habari njema, maana yake ndani kuna chuma cha kaboni kinachokunjika. Tazama katikati ya mifuo: doa lililolika, la ukubwa wa sarafu ya shilingi, linaonyesha mwenye fimbo alikuwa akipiga vizuri na kwamba mifuo imechoka. Panga fimbo zote ukutani ukiangalia shingo kwa upande. Zinapaswa kupanda lofti kama ngazi, bila pengo wala kurudi nyuma. Ukiona mikunjo midogo kwenye kromu chini ya shingo, fimbo hiyo imeshakunjwa sana na haifai kurudishwa.

Neno la kufua likiwa limegongwa mgongoni lisikutoshe. Kuna vichwa ambavyo mwili wake tu ndio umefuliwa, uso mwembamba wa chuma kigumu zaidi ukachomelewa mbele, tumbo likaachwa tupu. Ni fimbo nzuri kwa umbali, lakini ni kitu kingine kabisa. Upande wa pili kuna weji za Vokey, za kusubu kwa chuma cha 8620, ambacho ni laini kiasi cha kukunjwa bila shida. Swali la kumwuliza muuzaji ni aina ya chuma na kama shingo inakunjika, nyuzi ngapi.

Na aliye na handikapu ya 20, yaani anayehitaji mapigo kama 20 zaidi ya kiwango cha uwanja, asilazimishwe kuchukua bledi kwa sababu ya heshima. Mpira ukigonga sentimita moja nje ya kitovu, bledi hujipinda mkononi na umbali hupotea, ilhali mgongo uliochimbwa huuzuia uso usigeuke sana. Aironi za kufua zenye mgongo uliochimbwa zipo tele, na kwa watu wengi ndizo bora kuliko zote: umbo linalosamehe, chuma kinachotii.

Ukishakunjiwa seti, kausha fimbo kila baada ya mchezo, zipakwe mafuta mepesi pale kromu ilipochubuka, na usiziache kwenye buti ya gari zikiwa na taulo lenye maji. Mwambie fundi aandike lofti na lai za kila namba, pamoja na tarehe, kwenye karatasi utakayoihifadhi kwenye mfuko wa begi. Mvua za masika zinapoanza, mara tu baada ya ardhi ngumu ya Januari hadi Machi, mrudishie weji na aironi 7 azipime kwanza. Zikiwa zimehama, mpelekee nyingine zote.